Visa ya Mchumba au Visa ya Ndoa: Ipi ya Kumleta Mwenzako Uingereza?

Swali hili hunijia kwa simu kuliko lingine lolote, na mara nyingi huja usiku, baada ya mtu kupiga hesabu zake na kukosa usingizi. Kijana ana pasi ya Uingereza. Mchumba wake yuko Tanga, au Mombasa, au Unguja. Posa imeshapokelewa, mahari imeshatajwa, wazee wanauliza tarehe. Je, aende nyumbani afunge ndoa kisha amwombee mkewe visa ya ndoa? Au amlete kwanza kwa visa ya mchumba, waje kuoana huku mbele ya msajili?

Mimi niliingia kwa visa ya mchumba. Ndoa yangu ni njema na sijutii kuja, lakini ningeyajua mapema haya ninayoyaandika hapa, ningeolewa Tanga, nikakaa kwa mama miezi michache zaidi, na nikapanda ndege nikiwa mke wa mtu. Huo ndio msimamo wangu tangu mwanzo wa makala haya, na sababu yake kubwa si pesa. Wapo wanaofaidika na visa ya mchumba, nitawafikia. Ila ni wachache kuliko wanaoichagua.

Mimi si mwanasheria. Uingereza, kumshauri mtu kuhusu kesi yake ya uhamiaji bila kuwa na sifa au usajili unaotambuliwa ni kosa la jinai, hata ukitoa ushauri huo bure. Kwa hiyo haya ni maelezo ya jumla ya kukusaidia kuchagua njia. Ukifika kwenye kesi yako mwenyewe, tafuta wakili au mshauri aliyesajiliwa, na umuulize namba yake ya usajili kabla hujampa hata senti. Jamii yetu ina "wajuzi" wengi wanaojaza fomu za watu kwenye meza za jikoni, na makosa yao hulipwa na mwombaji.

Tuondoe kwanza yale ambayo njia zote mbili zinayataka kwa kiwango kilekile, maana watu hudhani visa ya mchumba ina masharti mepesi. Haina. Wote wawili muwe mmetimiza miaka 18. Muwe mmeonana ana kwa ana; mapenzi ya simu hayatoshi hata yangedumu miaka mitano. Mwombaji awe amefaulu mtihani wa Kiingereza wa kuzungumza na kusikiliza, ngazi ya A1, kwenye kituo kinachotambuliwa, isipokuwa kama ana miaka 65 na zaidi, au ana shahada iliyofundishwa kwa Kiingereza na ikathibitishwa na Ecctis, shirika la Uingereza linalokagua vyeti vya nje. Apimwe kifua kikuu kwenye kliniki iliyoidhinishwa, kwa kuwa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote zimo kwenye orodha. Na mchumba naye anapimwa, ingawa visa yake ni ya miezi 6 tu. Kuwe na mahali pa kuishi pasipo na msongamano.

Halafu kuna mlima wenyewe: kipato. Mdhamini, yaani yule raia aliyeko Uingereza, aonyeshe mapato ya pauni 29,000 kwa mwaka kabla ya kodi. Kiwango hiki kilikuwa pauni 18,600 tangu Julai 2012, kikapandishwa tarehe 11 Aprili 2024. Walioingia kwenye njia hii kabla ya siku hiyo wanaendelea na kiwango cha zamani, na ndiyo maana shemeji yako aliyemleta mkewe mwaka 2022 anakuambia mambo ni rahisi. Kwake yalikuwa rahisi zaidi. Asiye na mshahara wa kutosha anaweza kutumia akiba, lakini akiba peke yake inatakiwa iwe pauni 88,500, ziwe zimekaa mikononi mwenu miezi 6. Anayepokea baadhi ya mafao ya ulemavu au ya kumhudumia mgonjwa hapimwi kwa 29,000. Anaangaliwa kama kinachobaki baada ya kodi ya nyumba kinatosha kuishi.

Na hapa wengi hujikwaa: mshahara wa aliyeko Afrika hauhesabiwi. Mchumba wako anaweza kuwa daktari wa hospitali ya Bombo, Tanga, mwenye gari na kiwanja, au mfanyabiashara wa karafuu Pemba. Katika hesabu ya kipato cha ombi hili, mshahara wake ni sifuri. Akiba yake taslimu inaweza kuhesabiwa, mshahara wake hapana.

Sasa pesa. Natumia viwango vilivyoanza tarehe 9 Aprili 2025, kwa hiyo angalia kama vimepanda kabla hujalipa. Ada hizi hupanda karibu kila mwaka, mara nyingi mwezi wa Aprili.

Kwa visa ya ndoa, unalipa ada ya ombi pauni 1,938. Juu yake kuna tozo ya afya, pauni 1,035 kwa mwaka. Visa hutolewa kwa miezi 33, na ule mwaka wa tatu usiokamilika unatozwa kama mwaka mzima, kwa hiyo tozo ni pauni 3,105. Jumla ya kuingilia: pauni 5,043.

Kwa visa ya mchumba, ada ni hiyohiyo 1,938, bila tozo ya afya. Watu huishia kusoma hapo na kufurahi: "Elfu mbili dhidi ya elfu tano, nani mjinga?" Lakini visa hii ni ya miezi 6 tu. Mkishaoana unaomba upya ukiwa ndani ya nchi, ili ubadilike kutoka mchumba kuwa mke au mume: ada pauni 1,321, na tozo ya afya ya miaka miwili na nusu, pauni 2,587.50. Jumla ya kuingilia kweli: pauni 5,846.50. Njia ya mchumba imekuzidi kwa pauni 803.50.

Tofauti hiyo haifutiki mbele ya safari. Wote wawili watakuja kuongeza muda mara moja, kwa pauni 3,908.50 ukijumlisha ada na tozo, na wote wataomba ukaazi wa kudumu kwa pauni 3,029. Safari ya aliyeingia kwa ndoa inafika pauni 11,980.50, ya mchumba pauni 12,784. Na ile miezi yake ya uchumba haihesabiwi kwenye miaka 5 inayotakiwa kwa ukaazi wa kudumu. Saa yake inaanza kugonga siku anapopewa kibali cha mke au mume, wakati mwenzake aliyeolewa nyumbani saa yake imeshatembea.

Kwa upande mmoja tu visa ya mchumba inasaidia mfuko: inakugawia mzigo. Unatoa elfu mbili sasa, elfu nne baada ya miezi michache. Kama pesa ya tozo haijakamilika, hilo lina maana. Ila jiulize hizo elfu nne zitatoka wapi ndani ya miezi 6, nyumba ina mdomo mmoja zaidi na mwenye mdomo huo haruhusiwi kufanya kazi.

Hapo ndipo penye kidonda changu. Mchumba haruhusiwi kufanya kazi hata saa moja. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimezoea kushika mshahara wangu tangu nikiwa na miaka 23, na nikajikuta naomba nauli ya basi. Mume wangu hakuwahi kuninyima. Lakini kuomba ni kuomba. Nilikuwa nikienda sokoni narudisha chenji mezani bila kuulizwa, kama mtoto aliyetumwa dukani.

Na usidhani ni kukaa hivyo mpaka siku ya harusi tu. England na Wales, wote wawili mnatakiwa muwe mmeishi kwenye wilaya ya usajili kwa siku 7 kabla ya kutoa taarifa ya ndoa, kisha taarifa hiyo ikae siku 28. Kwa hiyo hata ukikimbia, harusi haiwezi kuja kabla ya wiki 5. Kwa kawaida huchukua zaidi, kwa sababu ofisi za usajili zina foleni zake na ukumbi una foleni yake. Baada ya harusi unapeleka ombi la kubadilisha kibali kabla miezi 6 haijaisha, na unasubiri jibu. Ukisubiri, sheria ya uhamiaji ya Uingereza ya mwaka 1971 inakulinda usihesabiwe mhamiaji haramu: kibali chako cha zamani kinaendelea mpaka uamuzi utoke. Lakini kinaendelea pamoja na masharti yake. Kama ulikatazwa kazi, umekatazwa bado. Ndiyo maana miezi 6 ya kwenye karatasi hugeuka kuwa 8, au zaidi, ya kukaa dirishani ukiangalia mvua.

Aliyekuja na visa ya ndoa anaruhusiwa kufanya kazi siku anayotua. Anaweza kuajiriwa, anaweza kufungua biashara yake ya mapishi au ya kushona. Hakuna anachosubiri zaidi ya namba yake ya bima ya taifa na mtu wa kumwajiri, na kazi anaweza kuianza hata kabla namba haijafika.

Jambo hili la kazi linarudi kwenye ule mlima wa 29,000 kwa njia ambayo watu hawaioni mpaka wameshaingia. Aliyeoa nyumbani anapimwa kipato mara moja wakati wa kuomba, kisha hapimwi tena mpaka miezi 33 ikaribie kwisha. Na wakati huo mshahara wa mkewe anaoupata Uingereza nao unahesabiwa. Mume mwenye 22,000 na mke mwenye 12,000 wanapita bila wasiwasi.

Mdhamini wa mchumba anapimwa mara mbili ndani ya miezi michache: wakati wa kuomba visa, na tena baada ya harusi. Mara zote mbili ni mshahara wake peke yake unaobeba, kwa kuwa mwenzake alikatazwa kazi. Kama katikati hapo amepunguzwa kazini, au amebadilisha mwajiri na bado hana miezi 6 kwenye kazi mpya, hesabu inakuwa ngumu ghafla, na mtu ameshaacha kazi yake nyumbani na ameshauza vyombo. Kama ajira yako ni ya wakala, saa za kazi hazitabiriki, au mkataba wako unaisha mwaka huu, sababu hii moja ingetosha kukupeleka kwenye visa ya ndoa.

Afya. Mchumba hajalipa tozo, kwa hiyo kwa NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya Uingereza, ni mgeni. Kumwona daktari wa kawaida ni bure, na kitengo cha dharura ni bure. Akilazwa, au akipelekwa kwa daktari bingwa, anaweza kuletewa bili, na wageni hutozwa asilimia 150 ya bei ambayo NHS inajilipa yenyewe. Ujauzito umo humo. Huduma ya uzazi haicheleweshwi wala mama hafukuzwi mlangoni kwa kukosa pesa, lakini bili inakuja baadaye, na deni la NHS lisilolipwa linaweza kukwamisha maombi ya visa yanayofuata. Nalitaja hili wazi kwa sababu tunajua wenyewe ilivyo: maharusi wapya, miezi 6, na mama mkwe anayeuliza kila Ijumaa. Kama mnatarajia mtoto mapema, visa ya ndoa.

Sasa lile zito zaidi, ambalo hakuna anayelizungumza siku ya posa. Ikitokea mwenza aliyekuleta ni mtu mkatili, anakupiga, anakufungia ndani, anakunyang'anya simu na pasi, sheria ya Uingereza inamwekea mlango aliyeingia kama mke au mume wa raia. Anaweza kutoka kwenye nyumba ile, akaomba kibali cha muda cha miezi 3 kinachomruhusu kupata msaada wa serikali, na akaomba ukaazi wa kudumu kwa haki yake mwenyewe, bila saini ya yule aliyemtesa. Vivyo hivyo kwa aliyefiwa: mwenza akifa kabla ya miaka 5 kutimia, mjane anaweza kuomba kubaki.

Milango hiyo miwili haimfungukii aliye na visa ya mchumba. Kanuni zinataka kibali chako cha mwisho kiwe cha mwenza, na zinamtoa mchumba kwa kumtaja. Kwa hiyo binti aliyeletwa kama mchumba, halafu mwanaume akaanza kuahirisha harusi mwezi baada ya mwezi huku akimtishia kumrudisha kwao, amesimama mahali pabaya kisheria. Polisi watamsaidia, hospitali itamsaidia, nyumba za kuwahifadhi wanawake zinaweza kumsaidia, lakini haki ya kubaki nchini ni suala lingine, na kwake ni jembamba sana.

Wazee wetu wakisema "olewa kwanza ndipo uondoke" hawasemi kwa sababu ya kanuni hizi, hawazijui. Lakini wamekutana nazo njiani. Kama wewe ni mzazi unayesoma haya, na binti yako ndiye anayesafiri, nakuomba uishike hoja hii kuliko ile ya pauni 803.

Upande wa pili wa ndoa ya nyumbani ni kwamba ndoa yenyewe lazima isimame kisheria pale ilipofungwa. Uingereza inaitambua ndoa ya ng'ambo kama imefuata sheria za mahali ilipofungwa. Nikaha iliyofungwa Ngamiani, Tanga, au Mji Mkongwe, ikasajiliwa inavyotakiwa na cheti kikatolewa, ni ndoa kamili mbele ya Home Office, wizara ya Uingereza inayoamua maombi ya visa. Kenya, Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua ndoa za Kikristo, za Kiislamu, za Kihindu, za kimila na za kiserikali, na zote zinatakiwa kusajiliwa. Tanzania Bara inafuata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Zanzibar ina sheria zake na makadhi wake. Ndoa ya kiserikali, Bara na Kenya, inataka taarifa ya siku 21, kwa hiyo usikate tiketi ya wiki mbili ukidhani utafika, utaoa na utaondoka. Nenda na vyeti vyako vya talaka kama uliwahi kuoa, na muulize msajili mapema anataka nini kutoka kwa raia wa kigeni.

Kinyume chake ni mtego mkubwa. Nikaha iliyosomwa sebuleni Leicester au kwenye msikiti usiosajiliwa kwa ndoa, bila msajili, si ndoa kwa sheria ya England. Mahakama ya Rufaa ililisema hilo mwaka 2020 katika kesi ya Akhter: sherehe ya namna hiyo haihesabiki hata kuwa ndoa batili; ni sherehe tu. Mchumba aliyefika, akasomewa nikaha nyumbani kwa mjomba, akaridhika kuwa ameolewa na akasahau ofisi ya usajili, miezi 6 ikikatika atakuta hana ndoa ya kuombea kibali. Someni nikaha, ni haki yenu na ni ibada. Lakini msajili aje, au ninyi mwende kwake.

Kuna hofu nyingine naisikia sana kwa Waislamu wa Bara. Kwa ile Sheria ya Ndoa ya 1971, ndoa ya Kiislamu huchukuliwa kuwa ni ya wake wengi au yenye uwezekano huo, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mtu anasoma hivyo na kudhani Uingereza itaikataa. Haikataliwi kwa uwezekano tu. Kinachoangaliwa ni kama siku ya kufunga ndoa kulikuwa na mke mwingine. Kama hakuna, hakuna tatizo. Kama yupo, hapo ni tatizo la kweli: mke wa pili hapewi visa ya ndoa wakati mke mwingine wa mume huyo yuko Uingereza au ameshapewa visa kama mkewe, na kwa mwanaume ambaye makazi yake ya kisheria ni England, ndoa hiyo ya pili ni batili huko hata kama kadhi aliifunga vizuri kabisa. Visa ya mchumba haiwezi kuwa njia ya kukwepa hili, kwa kuwa ndoa zote za awali zinatakiwa ziwe zimekwisha.

Hakikisheni pia bwana harusi yupo mwenyewe. Dini inaruhusu wakala, na nimeziona nikaha zenye simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya maji ya waridi. Lakini mnajiletea maswali ambayo tiketi moja ya ndege ingeyafuta, na sharti la kuwa mmeonana ana kwa ana bado litawangoja.

Cheti kikiwa kwa Kiswahili, kinatakiwa kwenda na tafsiri ya Kiingereza yenye tamko la mtafsiri kuwa ni sahihi, tarehe, jina lake kamili, saini na mawasiliano yake. Usitafsiri mwenyewe.

Watoto wa kabla ya ndoa. Hapa njia mbili hazitofautiani sana katika masharti. Tofauti iko kwenye gharama na muda. Mtoto aliye chini ya miaka 18 anaomba pamoja na mama au baba yake, kwa ada yake kamili. Kwenye visa ya ndoa analipiwa tozo ya afya pauni 776 kwa mwaka. Kwenye visa ya mchumba naye anaingia kwa miezi 6, kisha anaombewa upya, kwa hiyo zile gharama za mara mbili zinazidishwa kwa idadi ya watoto. Kwa maombi mapya, mtoto haongezi tena kiwango cha kipato kama ilivyokuwa zamani. Ni 29,000 tu.

Kigumu ni swali la nani anamlea. Kama mzazi wake wa pili yuko hai, Home Office inataka kuona kuwa mzazi anayehama ndiye mwenye jukumu la malezi peke yake, au kuwa kuna sababu nzito zinazofanya kumwacha mtoto kusifae. Sasa fikiria watoto wetu wa pwani: mama yuko Dar kikazi, mtoto kalelewa na bibi Pangani, baba anatuma hela ya daftari kila Januari, mjomba ndiye aliyesaini fomu ya shule. Kwetu hayo ni malezi mazuri. Kwenye faili yanaonekana kama mtoto mwenye wazazi wanne. Anzeni kukusanya karatasi mapema: barua ya shule inayosema nani huitwa mtoto akiugua, risiti za ada, kadi ya kliniki, na barua ya baba ya kukubali mtoto asafiri. Barua hiyo ya ridhaa peke yake haithibitishi kuwa ulilea peke yako, lakini kukosekana kwake huleta maswali.

Kuna njia nyingine mbili zinazotajwa vijiweni. Ya kwanza ni visa ya mgeni anayekuja kuoa, pauni 127 kwa viwango vya Aprili 2025. Ni halali, ni rahisi, na kwa lengo lenu ni njia mbaya: unakuja, unafunga ndoa, unarudi. Huwezi kuigeuza kuwa visa ya mke ukiwa ndani. Visa ya kawaida ya matembezi ndiyo mbaya zaidi, kwani hairuhusu hata kutoa taarifa ya ndoa. Ya pili ni ya wenza wasiooana, ambao uhusiano wao umedumu kama wa mke na mume kwa angalau miaka 2. Tangu 31 Januari 2024 hailazimu tena muwe mmeishi nyumba moja miaka hiyo yote. Inatoa haki zilezile za visa ya ndoa, pamoja na kazi tangu siku ya kwanza. Ila ushahidi wake ni mzito, na kwa familia nyingi za kwetu, kueleza kwa maandishi kuwa mmeishi hivyo bila ndoa ni shida nyingine.

Nani basi achukue visa ya mchumba? Raia asiyeweza kusafiri: mwenye ulemavu au ugonjwa unaomzuia ndege, au anayemhudumia mzazi ambaye hawezi kuachwa siku tatu. Raia aliyekimbia nchi ile na kurudi kwake ni hatari, na kukutana nchi ya tatu kwa ajili ya harusi hakuwezekani. Wale ambao sheria ya nyumbani hairuhusu ndoa wanayotaka kuifunga. Na wale ambao hawajaamua. Nimekutana na wachumba watu wazima, kila mmoja ana maisha yake, waliotaka miezi michache ya kuishi pamoja wakiwa huru kusema hapana. Kwa hao miezi 6 ina thamani yake, ilimradi anayesafiri ana akiba yake mwenyewe, ana tiketi ya kurudi, na kazi yake nyumbani haijafutwa. Aombe likizo isiyo na malipo badala ya kuacha.

Kama si mmoja wa hao, funga ndoa nyumbani. Binamu yangu ameoa Tanga, na tulipanga hivi: mtihani wa A1 ulifanywa kwanza, kabla ya harusi, kwa kuwa cheti chake kinadumu miaka 2 na akifeli kuna muda wa kurudia. Harusi ikafuata, na nakala rasmi za cheti zikachukuliwa palepale kabla bwana harusi hajarudi kazini. Picha za ndoa zikahifadhiwa pamoja na tiketi za safari zake zote za nyuma na ujumbe wa simu wa miaka miwili, uliochaguliwa kidogo kidogo kila mwezi badala ya kuchapwa wote. Slipu za mshahara za miezi 6 na taarifa za benki zinazoonyesha mshahara uleule ukiingia zikasubiri hadi mwisho, maana ya karibuni zaidi isiwe na umri wa zaidi ya siku 28 siku ya kutuma ombi. Kipimo cha kifua kikuu nacho kikaachwa karibu na mwisho, kwa sababu cheti chake ni cha miezi 6. Mkewe bado anafundisha shuleni, anapokea mshahara wake, na analala kwao mpaka jibu litoke.